Neno la nyanya katika maktaba ya ugenini

WAHENGA walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii niliikariri shuleni, nikaitia katika insha nyingi na kutuzwa alama nzuri. Maana yake sikuijua mpaka nilipokuwa mbali na kwetu, nchini Ujerumani, nikisomea shahada ya uzamifu.

Ilikuwa Desemba mwaka 2009, mjini Hamburg. Majira hayo jua la huko huzama yapata saa kumi alasiri, na mgeni atokaye Pwani ya Kenya hana pa kukimbilia ila maktabani. Humo nilikumbana na kamusi ya Kinyika, jina ambalo lugha za Wamijikenda ziliitwa zama hizo. Iliandaliwa na Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, wamishenari wa Kijerumani waliofungua kituo chao Rabai mwaka 1846, ikachapishwa mwaka 1887, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa. Nilitafuta neno la maji, nikalikuta. Nikafunga kitabu, nikainama.

Niruhusu, msomaji mpendwa, nikueleze kilichoniinamisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Rabai, tulikuwa na kibao kilichotungwa uzi, tukikiita diski. Aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama alivishwa shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Jioni wote waliokivaa siku hiyo waliitwa mbele, na fimbo ikanena. Hivyo tulifunzwa mambo mawili kwa mpigo: kuionea haya lugha yetu na kuwapeleleza ndugu zetu.

Siku moja adhuhuri nyanya alinifuata shuleni, kibuyu mkononi. Akaniuliza mbele ya wenzangu kama nilitaka madzi. Nilikuwa na kiu. Lakini siku hiyo Kiingereza peke yake ndicho kilichoruhusiwa, na nyanya hakukijua. Naye mwenye diski alikuwa amesimama hatua chache tu, akinitazama mdomo. Nilitikisa kichwa, nikampa nyanya mgongo. Hakunigombeza. Alirudi na kibuyu chake. Jambo hilo hatukulizungumza kamwe, naye aliaga dunia kabla sijapanda ndege kwenda Ulaya.

Sisemi haya ili kuwatukuza wamishenari. Walikusanya maneno kwa ajili ya kuhubiri dini yao, na wazee wa Rabai waliowapa maneno hayo hawakutajwa jaladani. Hata hivyo, inauma kwamba neno ambalo mgeni aliliona lastahili wino, shule yetu, miaka mia moja baadaye, ililiona lastahili fimbo.

Jambo la pili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Tusijitakase kwa kukilaumu Kiingereza pekee. Mtoto aliyesema dzitso badala ya jicho, au matso badala ya macho, alichekwa darasani kana kwamba ulimi wake ni mzito. La hasha! Hebu tazama: dzitso, jicho; dzino, jino; madzi, maji. Aghalabu penye dz katika Kimijikenda, Kiswahili kina j; na ts ya matso ndiyo ch ya macho. Hilo si kosa la ulimi, ni kanuni. Lugha hizi ni ndugu, katika kundi ambalo wanaisimu huliita Sabaki, pamoja na Kipokomo na Kikomoro. Mtoto huyo alikuwa amebeba kinywani mwake ushahidi wa historia ya Kiswahili chenyewe, nasi tukamwambia ateme.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaiagiza serikali kukuza lugha za kiasili, na mtaala wa umilisi umezipa nafasi katika madarasa ya chini ya shule ya msingi. Ni vyema. Lakini Katiba haiingii darasani. Anayeingia ni mwalimu. Mwanafunzi akiandika dzitso katika insha, msahihishe, kwa maana Kiswahili sanifu kina taratibu zake. Ila kabla ya kalamu nyekundu, mwandikie maneno hayo mawili ubaoni, moja kando ya jingine, umwulize anaona nini. Dakika tano zatosha.

Nawe mwanafunzi, urudipo nyumbani jioni, mwulize nyanyako maneno ya lugha yenu usiyoyajua, uyaandike. Usingoje kuyatafuta ugenini. Mimi nililipata neno langu kitabuni, lakini aliyestahili kujibiwa hakuwapo tena.