Moto wa Rangi Jukwaani: Kemia Yake, Hatari Zake na Kibali Chake

Rangi ya moto hutokana na chumvi za madini zilizomo ndani ya mwali. Strontiamu na lithiamu hutoa wekundu, kalisi rangi ya chungwa, sodiamu njano, boroni na bariamu kijani, shaba kijani kinachoelekea buluu, na potasiamu zambarau hafifu. Joto huzipandisha elektroni za atomi ngazi ya juu, nazo zinaporudi chini huachia nguvu hiyo kama mwanga. Kila elementi ina mwanga wake, usiofanana na wa nyingine. Kwa kutumia siri hiyo, wanasayansi Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waligundua elementi ya sesiamu mjini Heidelberg mwaka 1860.

Kuipata rangi hiyo mbele ya watazamaji ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Moto wa gesi ya mtungi, petroli au mafuta ya taa hubeba chembe za masizi zinazong'aa njano, na njano hiyo huzifunika rangi nyingine. Sodiamu nayo ni msumbufu: punje chache za chumvi ya mezani, au hata jasho la vidole, zinatosha kuuharibu mwali wa kijani. Buluu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu kiwanja cha shaba kinachoitoa huvunjika joto linapozidi. Kwa hiyo wanaotafuta rangi safi hukimbilia alkoholi, ambayo huwaka bila masizi mengi, na hatari kubwa huanzia hapo.

Alkoholi inayopendwa na wasio na mafunzo ni methanoli. Mwali wake wenyewe hauonekani vizuri mchana wala chini ya taa kali, hivyo mtu huweza kudhani umezimika kumbe bado unawaka. Huanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye nyuzi kama 11 za Selsiasi. Dar es Salaam na Mombasa, hata usiku wa Julai, joto huwa juu sana ya kiwango hicho. Chupa iliyoachwa wazi huwa tayari imezungukwa na mvuke unaongoja cheche. Isitoshe, ni sumu. Wakenya wanaikumbuka Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli ilipoua makumi ya watu na kuwapofusha wengine.

Ajali ya moto wa methanoli hufuata mkondo uleule karibu kila mara. Moto kwenye bakuli unafifia. Mwonyeshaji anainua galoni ili aongeze kidogo. Mvuke unashika, mwali unapanda kwenye kimiminika kinachomiminwa hadi ndani ya galoni, na shinikizo linalozuka humo linayatema mafuta yanayowaka kupitia mdomoni, mita kadhaa mbele. Mwonyeshaji husimama akiwakabili watazamaji, kwa hiyo mdomo wa galoni nao huwa umewaelekea. Mwaka 2014 ajali za methanoli zilitokea shuleni Denver na kwenye jumba la makumbusho la sayansi huko Reno, na Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ikatoa taarifa ya tahadhari. Waliounguzwa wengi walikuwa watoto waliokuja kutazama. Yalikuwa maonyesho ya kufundishia, lakini jukwaa la muziki au la harusi halina tofauti yoyote mbele ya mvuke. Mafuta hayamiminwi kamwe karibu na mwali, wala karibu na chombo ambacho kiliwaka muda mfupi uliopita.

Mashine za kitaalamu zimeundwa kuepuka hali hiyo. Kimiminika cha rangi, ambacho mara nyingi ni isopropanoli au ethanoli yenye chumvi iliyoyeyushwa kiwandani, hukaa ndani ya tangi lililofungwa. Nitrojeni au pampu hukisukuma, vali ya umeme hufunguka kwa sekunde moja au mbili, cheche hukiwasha hewani, na vali ikijifunga mwali unakufa kwa kukosa mafuta. Kuurusha moto kunahitaji hatua mbili tofauti: kwanza kuuandaa mtambo, kisha kufyatua. Pembeni pawepo kitufe cha dharura kinachokata kila kitu. Fundi anayekishika hukaa mahali anapoona kila mashine kwa macho yake, na msanii akivuka mstari uliochorwa, hafyatui, hata kama wimbo umefika kilele.

Mstari huo una maana kubwa. Agosti 8, 1992, katika uwanja wa Olimpiki wa Montreal, James Hetfield wa bendi ya Metallica aliungua vibaya mkono na uso baada ya kusimama palepale moto wa jukwaani ulipolipuka, kwa sababu ya kutoelewana kuhusu mahali pa miali mipya iliyoongezwa kwenye onyesho. Kwa hiyo mabadiliko yoyote, hata ya mashine moja kusogezwa, yanadai mazoezi mapya na wasanii wenyewe wakiwa jukwaani. Uwanjani kuna upepo pia, ambao huulaza mwali na kuupeleka pasipotarajiwa.

Ndani ya ukumbi, kinachoua zaidi ni dari, kuta na milango. Februari 20, 2003, bendi ya Great White ilipoanza kupiga katika klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya poliyurethani iliyobandikwa ukutani ili kuzuia kelele. Katika muda wa kama dakika moja na nusu moshi ulikuwa umefanya ukumbi usikalike, na watu wakabanana kwenye mlango waliouzoea, ule walioingilia. Walikufa 100 na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Meneja wa ziara wa bendi, aliyewasha fataki hizo bila kibali, alifungwa gerezani. Miaka kumi baadaye, Januari 27, 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, ilipoteza watu 242 baada ya fataki ya kutumiwa nje kuwashwa ndani. Humo pia sponji ndiyo iliyoshika moto.

Sheria nyingi hutenganisha fataki, ambazo ni vilipuzi, na miali ya gesi au kimiminika. Marekani, kanuni ya 1126 ya NFPA, shirika linaloweka viwango vya usalama wa moto, inasimamia fataki zinazowashwa karibu na watazamaji, na NFPA 160 inasimamia miali. Mwandaaji huwasilisha mpango wa maandishi: ramani ya jukwaa, aina na kiasi cha mafuta, urefu wa miali, umbali wa watu, mitungi ya kuzimia moto na majina ya mafundi. Ofisa wa zimamoto anaweza kudai kuona jaribio kabla ya milango kufunguliwa, na ana mamlaka ya kukataa. Kenya, fataki ziko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Tanzania, mlango wa kwanza wa kubisha kuhusu usalama wa ukumbi ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kuuliza mapema hakuna gharama, na mwenye ukumbi naye lazima aridhie kwa maandishi, kwa kuwa bima yake inaweza kuwa inakataza moto wa aina yoyote.

Chumvi zenyewe zinahitaji heshima. Bariamu inayoyeyuka ni sumu kali, na asidi ya boriki inatambuliwa Ulaya kuwa inadhuru uzazi. Wachezaji wa sarakasi wanaotema au kumeza moto wasiguse mafuta ya rangi hata tone. Mavazi yawe ya pamba au yaliyotiwa dawa ya kuzuia moto, maana nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Onyesho likiisha, mafuta yaliyobaki hurudishwa kwenye vyombo vyake vyenye lebo, wala hayamwagwi mtaroni, na mtu mmoja hubaki akilinda jukwaa hadi mashine zipoe.

Ukumbi wenye dari fupi au mapazia mazito haufai kwa moto wowote. Humo mafundi hutumia ukungu wa maji unaomulikwa na taa za LED, ambao kwa mbali hufanana sana na mwali wenye rangi. Kinachobaki kuangaliwa ni nyaya za umeme karibu na maji, na vigunduzi vya moshi, ambavyo ukungu huweza kuviamsha.