Daktari au Mhandisi? (Sehemu ya Tatu): Ngoma ya Mbao ya Kampen

Katika sehemu mbili zilizopita tuliona jinsi tahasusi zilivyowatenganisha wanafunzi wetu wa sayansi mapema mno: mwenye ndoto ya udaktari alikwenda PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), mwenye ndoto ya uhandisi PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Kuanzia mwaka wa masomo wa 2025/2026 Rwanda imeweka mikondo mitatu mipana, na katika mkondo wa Hisabati na Sayansi mwanafunzi anaweza kusoma Hisabati, Fizikia, Kemia na Biolojia kwa pamoja.

Habari hiyo ndiyo iliyomleta kwangu jioni moja binti wa jirani hapa Kagarama. "Mwalimu, baba anataka niwe daktari. Mimi napenda na mashine pia. Nifanyeje?" Mkononi alishika kipimo cha presha cha bibi yake. Mpira wake ulikuwa ukivuja; binti alikuwa amekata kipande kilichotoboka na kuuchomeka upya. Kuona hivyo, nikamwambia akae nimsimulie habari za Willem Kolff.

Kolff alikuwa daktari kijana wa Uholanzi. Mwaka 1938, hospitalini Groningen, alimshuhudia kijana wa miaka 22 akifa polepole, figo zimegoma na damu imejaa uchafu usiokuwa na pa kutokea. Kolff akaanza kupiga hesabu: uchafu kiasi gani, upite kwenye utando mpana kiasi gani, kwa saa ngapi? Vita vikaingia, Wajerumani wakaikalia nchi, naye akahamia hospitali ndogo ya mji wa Kampen. Huko alichukua selofeni ya kufungia soseji, mita 20 hivi, akaizungushia ngoma ya mbao iliyozama nusu kwenye beseni la maji ya chumvi. Ngoma ikizunguka, damu hupita ndani ya selofeni. Uchafu wa damu, yaani urea, hupenya vitundu vyake na kubaki majini, chembe za damu hazipenyi. Namna ya kuifanya ngoma izunguke bila damu kuvuja aliipata kwenye pampu ya maji ya gari la Ford.

Tangu 1943 aliwatibu wagonjwa mmoja baada ya mwingine, na karibu wote walifariki. Hakuacha. Septemba 1945 mama wa miaka 67 akazinduka na kupona. Mgonjwa anayesafishwa damu Kigali leo amelala kando ya kitukuu cha ngoma ile.

Miaka yote nimewasimulia vijana kisa hiki, kwa sababu ndani yake huwezi kuonyesha daktari anapoishia na mhandisi anapoanzia. Wazazi wengi wanautaka udaktari kwa ajili ya koti jeupe na kiti cha mbele harusini. Hilo ni kosa, na linawaumiza watoto. Mashine iliyofunikwa shuka kwenye kona ya wodi kwa kukosa fundi inaua watu kimyakimya, na anayeifufua anastahili heshima ileile ya daktari.

Tena kazi hiyo ina mahali pa kusomewa. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha uhandisi wa vifaa tiba. Na Masaka, humuhumu wilayani Kicukiro, kituo cha IRCAD Africa kinawafundisha madaktari tangu 2023 upasuaji wa matundu madogo kwa kamera. Mwasisi wa IRCAD, Jacques Marescaux, ndiye aliyekaa New York mwaka 2001 akamtoa mfuko wa nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, kwa mikono ya roboti. Bila wahandisi wa roboti na wa mawasiliano asingeweza hata kuanza.

Binti yangu, na wenzako mnaosubiri matokeo ya mwaka wa tatu wa sekondari: msichague leo kati ya tiba na uhandisi. Jazeni mkondo wa Hisabati na Sayansi, na mhakikishe Biolojia na Hisabati zote zimo. Nawe mzazi, mwachie mtoto kalamu ajaze mwenyewe.