KASI YA BAISKELI: TAMBARARE NA MTEREMKONI

Katika barabara tambarare, mwendeshaji baiskeli wa kawaida huenda kilomita 15 hadi 20 kwa saa, ilhali mwanamashindano hodari huweza kudumisha kilomita 40 na ushei. Hata hivyo, katika mteremko mkali, yule wa kawaida aweza kupita kilomita 50 bila kukanyaga pedali hata mara moja. Makala haya yanadhamiria kueleza chanzo cha tofauti hiyo na hatari iliyojificha ndani yake.

Katika barabara tambarare, adui mkuu wa mwendeshaji ni hewa. Msuguano wa matairi na barabara ni mdogo na haubadiliki sana, lakini ukinzani wa hewa hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi, nayo nguvu inayohitajika kuushinda hupanda kwa kipeo cha tatu. Kwa hivyo, anayetaka kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa hana budi kutoa nguvu mara nane dhidi ya hewa. Ndiyo sababu rekodi ya saa moja hupanda kwa mwendo wa kinyonga. Mnamo 1972, Mbelgiji Eddy Merckx alikwenda kilomita 49.431 jijini Mexico City. Mnamo 2022, Mwitaliano Filippo Ganna alifikisha 56.792 mjini Grenchen, Uswisi. Miaka 50 ilizaa kilomita 7 na ushei tu, licha ya maendeleo ya baiskeli, mavazi na mkao.

Mteremkoni, kani ya mvutano wa ardhi huchukua kazi ya miguu. Kasi huongezeka mpaka ukinzani wa hewa na msuguano vilingane na kani hiyo, kisha hutulia. Chukua mfano wa mtu ambaye uzani wake pamoja na baiskeli ni kilo 85, kwenye barabara inayoshuka mita 8 kwa kila mita 100. Akiketi wima, atatulia kati ya kilomita 50 na 60 kwa saa. Akijikunyata, kidevu karibu na usukani, atakaribia 80. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa na David Kinjah, aliitumia mbinu hiyo katika Tour de France ya 2016: alijikunyata juu ya paipu ya fremu, akateremka Col de Peyresourde na kushinda mkondo wa siku hiyo. Mnamo Aprili 2021, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, lilipiga marufuku mkao huo kwa sababu za usalama.

Fauka ya hayo, mzigo huongeza kasi. Baiskeli iliyofungwa gunia la kilo 90 kwenye keria huvutwa kwa kani takriban maradufu, ilhali upana unaokabili hewa haukui kwa kiwango hicho. Mzigo uliomchosha mwenyewe akipanda ndio unaomsukuma akishuka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Nishati ambayo breki hazina budi kuimeza hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi: anayeshuka kwa kilomita 60 kwa saa huhitaji masafa ya kusimama mara nne au zaidi kuliko anayeshuka kwa 30. Kabla hata vidole havijagusa breki, sekunde moja ya kushtuka humpeleka mita 17 mbele. Umahiri nao si kinga. Mnamo Juni 2023, Gino Mäder, mwanamashindano wa Uswisi, alianguka akiteremka Albula Pass nchini mwake, akafariki siku iliyofuata.

Kwa muhtasari, tambarare humpimia mtu kasi kwa nguvu za miguu yake. Mteremko humpa kasi asiyoitolea jasho. Kwa kuwa maumbile hayamwekei mpaka ulio salama, sharti auweke mwenyewe: akague raba za breki kabla ya kushuka, apunguze mwendo kabla ya kona wala si ndani yake, na akumbuke kwamba aliyebeba mzigo huchelewa kusimama. Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Hakuna mahali ambapo kauli hiyo ina uzito kuliko mteremkoni.