Muthurwa: Uhifadhi Uanze kwa Mpangaji

Urithi wa Eastlands – Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyoigawa Nairobi kwa rangi za watu, na jinsi Waafrika walivyopangiwa makao upande wa mashariki, kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Leo tunaingia Muthurwa, mtaa wa reli ulio kando ya Barabara ya Landhies, jirani na soko na kituo cha matatu vilivyolieneza jina lake nchini kote. Tunaingia na swali moja. Mtaalamu wa kuhifadhi majengo ya kale ana msaada gani kwa jiji lenye uhaba wa nyumba, kodi zinazopanda na watu wanaoishi kwa hofu ya kufurushwa? Ninashikilia kwamba ana msaada mkubwa, mradi kazi yake ianze kwa mpangaji kabla ya kufika kwenye ukuta.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi Mei 1899, na mji ukamea kuzunguka yadi yake. Baadaye wafanyakazi wa Kiafrika wakajengewa landhi: safu za nyumba za chumba kimoja kimoja, maji ya pamoja na vyoo vya pamoja. Kipimo cha chumba kilifuata kipimo cha mshahara. Mwajiri alimhesabu mfanyakazi kuwa mwanamume aliye peke yake, mpita njia mjini, ambaye mkewe na watoto wake wangelishwa na shamba la nyumbani. Kipande, kitambulisho alichovaa shingoni tangu miaka ya 1920, kilimkumbusha kwamba kukaa kwake Nairobi kulitegemea idhini ya mwingine. Familia zilipokuja hatimaye, ziliingia katika chumba kile kile. Msongamano tunaowalaumia wakazi wa leo ulichorwa tangu mwanzo katika ramani ya aliyejenga.

Kwa hiyo landhi ni hati ya historia ya kazi nchini, nayo inasomeka zaidi pamoja na mitaa jirani. Katika Ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa Kenya African Union (KAU) na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki akadai uhuru kamili wa nchi hizi. Wiki tatu baadaye yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil dhidi ya Mau Mau, wanajeshi walizingira makao ya Waafrika jijini na kuwachuja maelfu kwa maelfu, wengi wakapelekwa kizuizini. Vita vya uhuru vilipiganwa msituni, na vilipiganwa pia katika vyumba hivi.

Hata hivyo, kwa muda mrefu jicho la uhifadhi liliyatazama majengo ya wenye mamlaka. Maktaba ya McMillan katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu pekee, ina sheria yake maalumu. Landhi za walioyasukuma mabehewa hazijapata heshima ya namna hiyo. Upungufu huu unagusa maisha ya watu moja kwa moja, kwa sababu mtaa usiotambuliwa kuwa na thamani huandikwa katika vitabu vya mipango kama ardhi tupu inayosubiri mwekezaji.

Muthurwa ilionja hali hiyo. Shirika la Reli lilipokodisha shughuli zake kwa kampuni binafsi mwaka 2006, mtaa huu ulikuwa miongoni mwa mali zilizokabidhiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 ubomoaji ulianza, huku huduma za maji na vyoo zikiathiriwa. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu kwa Ombi nambari 65 la mwaka huo. Februari 2011 Jaji Daniel Musinga aliwapa amri ya kusimamisha ufurushaji. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwemo haki ya makao ya kutosha iliyo katika Kifungu cha 43 cha Katiba. Aliagiza Mwanasheria Mkuu aieleze mahakama sera za serikali kuhusu nyumba na ufurushaji, na akawataka wenye mali na wapangaji waketi pamoja kupanga namna ya kuondoka kwa utu. Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ilirekebishwa, ikadai ilani ya angalau miezi 3 kabla ya kufurusha. Mwaka 2021, katika kesi ya Mitu-Bell kuhusu kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu iliimarisha njia hiyo ya kuwalinda wakazi kupitia mahakama.

Hapa ndipo pengo linapoonekana. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamwezesha waziri kulitangaza jengo kuwa urithi unaolindwa. Inaweza kuuokoa ukuta bila kuuliza ni nani anayelala nyuma yake. Hukumu ya Muthurwa nayo ilimkinga mpangaji asitupwe nje kiholela, lakini kupima thamani ya kihistoria ya mtaa hakukuwa kazi yake. Mpangaji akiondoka kwa utaratibu mzuri, bado mtaa utakuwa umekufa. Kuziunganisha kinga hizi mbili ndiyo kazi ya jamii inayowangoja wahifadhi.

Zana za kazi hiyo wanazo. Mhifadhi huanza kwa kuorodhesha: hupima chumba baada ya chumba, huandika hali ya paa, ukuta na mfereji, na hurekodi simulizi za wazee. Orodha hiyo ikiandikwa pamoja na wakazi, inakuwa pia daftari la nani anaishi wapi na tangu lini. Siku kesi ikifika mahakamani, hicho ni kielelezo. Siku fedha za ukarabati zikipatikana, hayo ndiyo makadirio. Na ukarabati wenyewe ni ajira. Umbali mfupi kutoka Muthurwa wako mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wanaokunja bati kutwa kuchwa kutengeneza masanduku na sufuria. Mikono hiyo inaweza kutengeneza mifereji ya paa na vifuniko vya mitaro kwa mtaa mzima.

Mfano wa karibu upo. Taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imeshughulikia Maktaba ya McMillan pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Matawi hayo ya Eastlands yamekarabatiwa kwa kusikiliza mahitaji ya majirani, na watoto wa mitaa wakapata mahali pa kusoma. Jengo la zamani lililipa deni lake kwa kutumika.

Kwa upande wa nyumba, mji wa Bologna, Italia, ulionyesha njia mwaka 1973. Halmashauri yake iliamua kwamba nyumba za kale za wafanyakazi katikati ya mji zikarabatiwe kwa fedha za makao ya umma, na waliokuwa wakiishi humo wabaki. Kazi ilipoendelea, familia zilihamishiwa nyumba za muda zilizokuwa karibu, kisha zikarudi kwa kodi iliyodhibitiwa. Udhibiti huo ni muhimu. Tumeona Lamu, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, jinsi sifa ya mji ilivyowavutia wanunuzi wenye mifuko mizito kutoka ng'ambo. Urithi ukitangazwa bila kodi kudhibitiwa, mkazi ambaye mtaa wake umetambuliwa huwa wa kwanza kufungasha virago.

Zipo hoja dhidi ya haya, na ni za haki. Mfuko wa pensheni una wajibu kwa wastaafu waliolijenga taifa kwa jasho lao, na ardhi iliyo karibu hivi na katikati ya jiji ni fedha nyingi. Mstaafu anahitaji malipo yake kama mpangaji anavyohitaji paa. Lakini si lazima mmoja alipwe kwa kumbomolea mwingine. Pembezoni mwa mtaa panaweza kujengwa ghorofa za kuingiza mapato, huku safu za landhi zilizo imara zikibaki katikati, zikiongezewa vyoo na maji, na vyumba viwili vikiunganishwa kuwa nyumba ya familia. Hoja ya pili ni kwamba landhi ni kumbukumbu ya udhalilishaji, kwa hiyo ziondoke. Udhalilishaji ulikuwa katika chumba kisichotosha familia na katika sheria ya kipande. Chumba kinaweza kupanuliwa, na sheria ilikwisha kufutwa. Kumfukuza mjukuu wa mtu wa reli kunaurudia udhalilishaji ule ule.

Cape Town inatuonya juu ya kuchelewa. Mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa Wazungu mwaka 1966, na watu wapatao 60,000 wakaondolewa, nyumba zikasawazishwa. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1994, na sakafuni mkawekwa ramani kubwa ambayo waliohamishwa waliandika majina yao pale makao yao yalipokuwa. Kazi hiyo iliwapa nguvu waliodai kurudishiwa ardhi. Ni kazi tukufu, lakini ilifanywa baada ya nyumba kwisha.

Sisi bado tuna wakazi wa kuwauliza. Mradi wa Mji wa Reli, ulioanza rasmi Desemba 2022, unaipa ardhi yote inayozunguka stesheni thamani mpya, na mpango wa nyumba za bei nafuu umeilenga mitaa mikongwe ya Eastlands. Makavazi ya Kitaifa, Kaunti ya Nairobi na vyuo vinavyofundisha usanifu majengo wanaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji sheria mpya: kuorodhesha Muthurwa yote, nyumba na watu wake kwa pamoja, kabla kibali kingine cha ujenzi hakijatolewa. Nao wakazi wadai nakala ya orodha hiyo, maana wao ndio watakaoihitaji kwanza.

Wiki ijayo: Kaloleni, na jinsi uwanja wa wazi kati ya nyumba unavyopunguza mafuriko.