Kabla ya Kumlipa Fundi: Uunganishaji wa Swichi za Mtandao Zilizopangwa Pamoja

Shule, zahanati au nyumba ya wageni inapokuwa na kompyuta nyingi kuliko matundu ya swichi moja, fundi huongeza ya pili na ya tatu, akazipanga kabatini moja juu ya nyingine. Kuzipanga si kuziunganisha. Swichi zilizoundwa kwa kazi hiyo zina matundu maalumu, mara nyingi upande wa nyuma, pamoja na nyaya zake fupi. Zikifungwa ipasavyo hufanya kazi kana kwamba ni swichi moja.

Waya wa kwanza hutoka swichi ya juu kwenda ya kati, na wa pili hutoka ya kati kwenda ya chini. Hapo taa zote huwaka, kila kompyuta hupata intaneti, na fundi mwenye haraka huomba malipo. Lakini umebaki waya mmoja, nao ni ule unaotoka swichi ya chini kurudi ya juu. Huo ndio unaoifanya njia kuwa duara, ili waya mmoja ukikatika, au swichi ya kati ikizimika, mawasiliano ya zilizosalia yapite upande wa pili. Ukikosekana, panya mmoja tu aweza kuitenga ofisi ya mhasibu na wenzake, na mteja wa Kimali aliyemwita fundi kutoka Bariadi mjini atalipa nauli kwa mara ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe fundi achomoe waya mmoja wa duara hilo mbele yako huku kompyuta zikitumika. Kazi ikiendelea, duara limekamilika.

Tahadhari: swichi za kawaida za bei nafuu, zisizo na matundu hayo, zisifungwe kwa duara. Zisipokuwa na kinga maalumu, ujumbe utazunguka humo bila kikomo hadi mtandao wote usimame. Aidha, swichi za chapa tofauti kwa kawaida haziungani kwa njia hii, na hata za chapa moja hutegemea toleo. Ulizia kabla ya kununua ya ziada.

Waya wa shaba unaotoka kwenye swichi hadi kompyuta usizidi mita 100. Dai risiti, maelezo ya dhamana na mchoro wa nyaya uliobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Fundi wa kesho hatakuwa lazima yule wa leo.