Zizi Likijaa Punda

Katika nchi hizi za Shinyanga na Geita farasi hakujaaliwa makao ya raha, kwa sababu ya maradhi yanayoletwa na mbung'o, mdudu ambaye taabu yake ilikuwa kubwa hata makao ya uchunguzi wake katika Tanganyika ya Waingereza yakawekwa Shinyanga ya Zamani. Kwa hiyo mzigo ambao kwingineko duniani ulitwikwa farasi, huku kwetu umemwangukia punda: ndiye abebaye maji kutoka malamboni wakati wa kiangazi, ndiye apelekaye mpunga mashineni, na ndiye aburutaye mkokoteni wa kuni hadi kwenye makambi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Punda jike huchukua mimba kwa muda wa takriban miezi 12, kisha aghalabu huzaa mtoto mmoja tu. Hivyo biashara ya ngozi zake, ambazo Uchina huchemshwa zikatoka gundi ya dawa iitwayo ejiao, ikawa inawamaliza upesi kuliko wanavyozaana. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuwachinja kwa ajili ya biashara hiyo, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, wakaafiki katazo kwa bara zima. Amri hizo ni za insafu, nami nazishukuru kwa dhati; walakini katazo humwokoa punda na kisu, halimwokoi na kidonda wala na uzee, na aliyechakaa mwenyewe akamtupa huangukia mikononi mwa watu wenye huruma, ambao zizi lao halichelewi kujaa.

Habari ya kujaa kwa zizi haina mfano bora kuliko wa Bibi Elisabeth Svendsen wa Devon, Uingereza, aliyeanzisha hifadhi ya punda mwaka 1969, kisha mwaka 1974 akapata habari kwamba mwanamke mwingine mpenda wanyama, Violet Philpin, amefariki na kumrithisha punda 204 kwa mara moja. Aliwapokea, na michango ya watu ndiyo iliyomwezesha. Lakini alipokuja Lamu, mji ambao vichochoro vyake havipiti gari, hakukusanya punda zizini tu. Mwaka 1987 taasisi yake ilifungua huko zahanati ya kuwatibu bure, wakarudi kwa wenyewe. Kwa rai yangu hiyo ndiyo njia inayotufaa sisi.

Madhali zizi limekwisha kujaa, wanaojitolea wajue kwanza hatari zake. Punda mgeni asichanganywe na wenyeji kabla ya kutengwa na kuangaliwa kwa majuma kadhaa, kwani usaha wa tezi za koo huambukiza upesi kupitia birika moja la maji, na minyoo huzidi pale ambapo kinyesi hakizolewi. Kuzoa kinyesi kila siku ni kazi isiyo na sifa, nayo huokoa roho nyingi kuliko sindano. Tena punda wawili waliozoeana wasitenganishwe ovyo: mwenye huzuni huacha kula, mafuta ya mwili wake yakayeyuka na kujaa katika damu, ini likashindwa, akafa ndani ya siku chache, na mtazamaji asijue kumempata nini.

Amma sadaka, watu wema hupenda kuleta magunia ya pumba na mashudu, wakidhani chakula kizito ndicho kinachomponya mnyama aliyekonda. Punda aliumbiwa majani makavu. Pumba nyingi humvimbisha tumbo na kumwasha kwato hata asiweze kusimama. Mwenye kutaka thawabu na alete mabua ya mahindi na majani ya mpunga baada ya mavuno, yahifadhiwe pakavu yasiingie ukungu, au atoe fedha kidogo kila mwezi, kwa kuwa zizi hula mwaka mzima, nayo michango ya ghafla huisha kabla ya Oktoba.

Fauka ya hayo, chanzo cha majeraha mengi ni nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma kwa nundu. Punda hana nundu, huvuta kwa kifua. Ukiiinua nira hiyo utaona juu ya shingo kidonda cha upana wa kiganja, kingo zake zimekauka, katikati kinatoa usaha na nzi wametua, na mnyama amesimama kimya, kwani maumbile yake ni kuficha maumivu. Wasemao kwamba asante ya punda ni mateke hawajamtazama hapo shingoni.

Fundi cherehani yeyote wa Kahama au Geita anaweza kushona mkanda mpana wa turubai, uliojazwa pamba, ukapita kifuani chini ya koo pasipo kubana pumzi, na kamba zake zikafungwa ubavuni kwenye mkokoteni. Anayelipia mikanda ya kijiji kimoja, na anayejitolea kuwafundisha vijana wa mikokoteni namna ya kuifunga, wamelipunguzia zizi wagonjwa ambao wangeletwa mwakani.