UZI: Sindano inanenepesha? Na kwa nini jibu lake liko kwa bajeti

Jumamosi nilikwama kwa foleni ya magari pale steji ya Kitengela. Lori la kampeni lilikuwa limekula nusu ya barabara, spika juu, muziki, vumbi. Mwaniaji mmoja (sitaji jina wala chama, sheria ya uzi zangu mnaijua) akashika maikrofoni akasema hawa watu wa nje wanawadunga wanawake wetu sindano za kuwanenepesha na kuwamaliza uzazi, na yeye akiingia atazipiga marufuku. Makofi mpaka ng'ambo ya barabara.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia mwingine kwa redio akisema kinyume kabisa. Ati hizo ni porojo za saluni, sindano haina madhara yoyote, akina mama wapunguze chapati.

Tangu Jumamosi mmenijazia meseji mkiuliza nani anasema ukweli. Hakuna. Wote wawili wamekosea, kila mtu kwa upande wake. Jibu lipo, limechapishwa, na kuna wanawake wa Kisumu waliosaidia kulipata. Kaeni kitako kidogo, huu uzi ni mrefu.

Nianze na mimi, maana sina haja ya kujifanya mgeni kwa hii stori. Nilidungwa sindano ya miezi 3 kwa miaka 4, baada ya mtoto wa pili. Nguo zilianza kunikataa. Nikaenda kliniki moja, jina tuliache, nikamwambia nesi, "Dada, naona hii sindano inanipandisha uzito." Hakuinua hata macho kwa kitabu chake. "Mama, ni chakula. Punguza chapati." Hakunipima. Mizani ilikuwa pale kando ya mlango, imewekewa katoni ya glavu juu.

Nilienda nyumbani nikiwa na aibu. Nilipowaambia wenzangu kwa saluni, wanne kati ya sita tuliokuwa pale walikuwa wameshajibiwa hivyo hivyo. Hiyo si utafiti, ni stori za saluni, nakubali. Lakini stori za saluni zikirudiwa miaka ishirini bila mtu kuzipima, zinageuka kuwa kura za mwenye spika.

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe.

Sindano tunayozungumzia ina homoni inayoitwa DMPA, ambayo inafanya kazi kama projesteroni ya mwili wa mwanamke. Unadungwa mara moja kila miezi 3. Kwa mujibu wa ripoti ya KDHS ya 2022, ndiyo njia inayotumiwa na wanawake wengi zaidi walioolewa hapa Kenya, karibu 2 kati ya kila 10, na kijiti cha mkononi kinaifuata kwa karibu sana. Hapa kwetu sababu ni rahisi kuona. Dada anayefanya kazi viwandani kule EPZ Athi River hana muda wa kukumbuka tembe kila siku, na sindano haionekani kwa mkoba na mtu yeyote.

Mwishoni mwa 2015 ulianza utafiti mkubwa unaoitwa ECHO. Ulikuwa na vituo 12: tisa Afrika Kusini, kimoja Eswatini, kimoja Zambia na kimoja Kisumu, ambako watafiti wa KEMRI walikuwa ndani ya kazi hiyo. Wanawake 7,829 wa umri wa miaka 16 hadi 35 walikubali kushiriki. Swali lake kuu halikuwa uzito hata kidogo. Lilikuwa HIV. Kwa zaidi ya miaka ishirini tafiti zilikuwa zinapingana, nyingine zikisema sindano inaongeza hatari ya kuambukizwa, nyingine zikisema hapana, na serikali za Afrika hazikujua ziwaambie nini wanawake wao.

Kompyuta ilipiga kura. Theluthi moja ya wanawake wakapata sindano, theluthi kijiti, theluthi koili ya shaba. Hapo kwa kura ndipo watu huchanganyikiwa, kwa hivyo nitapunguza mwendo.

Ukiniuliza mimi kama sindano ilininenepesha, siwezi kujua. Nilikuwa nimezaa, nilikuwa nimeacha kazi ya kusimama, nilikuwa nakula mabaki ya watoto. Yote hayo yanaongeza kilo. Ukichukua wanawake wanaodungwa na ukawalinganisha na wasiodungwa, bado hujajua, kwa sababu waliochagua sindano huenda wanaishi maisha tofauti na wale wengine. Kura inavunja hiyo shida. Kila kundi linapata mchanganyiko uleule wa walaji chapati, waliozaa juzi, wa shamba na wa tauni. Kinachobaki kutofautiana ni ile njia waliyopewa.

Na koili ya shaba haina homoni. Kwa hivyo kundi lake ndilo kipimo cha maisha ya kawaida.

Jibu la HIV lilitoka Juni 2019 katika jarida la Lancet: hakuna tofauti kubwa kati ya njia zote tatu. Lilitangazwa kila mahali. Jibu la uzito lilitoka kimyakimya 2021. Katika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wanawake wa sindano waliongeza wastani wa kilo 3.5. Wa kijiti, 2.4. Wa koili, 1.5.

Soma hizo namba tena polepole, maana ndani yake kuna majibu mawili.

La kwanza, wanawake wa koili nao waliongeza. Kilo moja na nusu, bila homoni yoyote kutoka kwa daktari. Huo ni umri, chakula, kukaa, maisha. Kwa hivyo nesi wangu hakukosea kabisa kuhusu chapati.

La pili, sindano iliongeza takriban kilo 2 juu ya hapo. Hizo mbili si porojo, na mwanamke aliyesema "ni sindano" hakuwa mjinga. Na huo ni wastani tu. Wastani unaficha mwenye hakuongeza kitu na mwenye aliongeza kilo 8.

Kilo 2 ni kitu? Kwa mtu mwembamba, labda hapana. Lakini angalia zinaangukia wapi. KDHS ya 2014 ilipata mwanamke 1 kati ya 3 ana uzito uliozidi. Ile ya 2022 ilikuta wamepita 4 kati ya 10, na kwa wanaume ni kama nusu ya hapo. Uzito ukizidi, sukari na presha ziko njiani. ECHO haikupima kisukari, kwa hivyo yeyote atakayewaambia sindano inaleta kisukari na akataja utafiti huu, mwambieni arudi kusoma.

Na ile ya "kumaliza uzazi"? Hapana. Lakini huchelewesha. Baada ya sindano ya mwisho, mimba kwa kawaida huchukua takriban miezi 10 kuja, na wengine huchukua zaidi. Kama hukuambiwa hivyo mapema, na mama mkwe anahesabu miezi kwa vidole, mwezi wa nane utamwamini mwenye lori kuliko nesi. Mimi siwalaumu wanaomwamini. Namlaumu aliyekuwa na jibu akalikalia.

Haya, sasa tuje kwa pesa, maana hapo ndipo siasa ilipo na hapo ndipo hawa waheshimiwa hawapendi kuulizwa.

ECHO ililipiwa na nani? Wakfu wa Bill na Melinda Gates, USAID, shirika la misaada la Uswidi, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu (UNFPA), na Baraza la Utafiti wa Kitabibu la Afrika Kusini. Hilo la mwisho ni pesa za umma za Waafrika Kusini. Tafuta Hazina ya Kenya kwa hiyo orodha. Sisi tulitoa wanasayansi, kituo, na wanawake.

Sisemi waliolipa walikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba anayelipa mpiga ngoma ndiye anayechagua wimbo. Wafadhili walitaka kujua kuhusu HIV, na lilikuwa swali zito, hasa Kisumu. Uzito ulipimwa pembeni. Swali ambalo wanawake wa Kitengela wamekuwa wakiuliza kwa saluni lilijibiwa kama nyongeza ya swali la mtu mwingine. Na lilijibiwa kwa wanawake wa chini ya miaka 36, kwa miezi 18. Mimi nilidungwa miaka 4.

Mtu atasema Kenya haina wataalamu. Wapo. Kituo cha APHRC cha Nairobi kimefuata watu wa miaka 40 hadi 60 kule Korogocho na Viwandani katika utafiti wa AWI-Gen, pamoja na wenzao wa Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini: uzito, sukari, presha, na kwa akina mama, kukoma hedhi pia. Kazi nzuri sana. Mfadhili wake mkuu? Taasisi za afya za serikali ya Marekani.

Mnakumbuka kilichotokea Januari 2025. Marekani ikasimamisha misaada, na Julai mwaka huo USAID ikafungwa. Uamuzi ulifanyika Washington, na hakuna mpiga kura wa Kajiado aliyeulizwa, na hakukuwa na sababu ya kumuuliza. Si pesa zake.

Lakini kuna pesa ambazo ni zake. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti na ikaandika wazi kwamba kila mwaka Hazina itauwekea asilimia 2 ya pato la taifa. Kwa pato la 2024 hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 300. Hatujawahi kukaribia hapo. Sheria iko, sahihi iko, pesa haiko. Binafsi naona asilimia 2 ilikuwa ndoto tangu siku ya kwanza, na sheria isiyoweza kutimizwa inampa kila waziri ruhusa ya kuipuuza yote. Heri wangeandika robo ya hiyo na kuitoa.

Kuna hoja nyingine utaisikia mkutanoni: "wanawake wetu ni panya wa maabara." Msiicheke. Watu wenye heshima zao waliuliza kama ni haki kompyuta imchagulie mwanamke njia ya kupanga uzazi. Jibu lililotolewa ni kwamba walieleza, wakapata ridhaa, na mwanamke alikuwa huru kubadilisha njia au kuondoka. Mimi nalikubali jibu hilo nikiwa na swali moja: matokeo yakitoka, nani anamrudishia yule mama? Namba za 2021 ziko kwa Kiingereza kwa jarida la kitaalamu. Kliniki yangu bado inasema chapati.

Hata data ni siasa siku hizi. Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia sahihi makubaliano ya afya, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya kupeleka data za wagonjwa nje. Mnaona? Ukilipiwa utafiti na mtu, mazungumzo ya nani anamiliki majibu yanaanza ukiwa umeshakaa chini yake.

Sasa, mwaniaji akija kwako, jua umuulize nani nini. Anayetaka ugavana au kiti cha MCA, muulize kuhusu kliniki: chini ya Katiba ya 2010 hospitali na zahanati za kaunti ni zake. Mizani inafanya kazi? Koili na kijiti vipo, ama ni sindano pekee ndiyo hupatikana? Maana chaguo bila bidhaa si chaguo. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, kwa hivyo kuuliza mwezi wa Juni ni kuchelewa. Anayetaka ubunge, muulize kuhusu ile asilimia 2, maana hiyo ni bajeti ya taifa. Gavana akikuahidi kituo kikubwa cha utafiti wa homoni hapa Noonkopir, muulize atakilipia na nini, na yule wa kupiga sindano marufuku muulize dada wa EPZ atatumia nini Jumatatu.

Mwisho, nimeulizwa na watu wengi inbox: niache sindano?

Usiache kwa sababu ya uzi. Mimi niliacha, nikahamia koili, na kilo zangu hazikurudi zote, kwa hivyo mnaona zile 1.5 za maisha hazidanganyi. Shoga yangu aliendelea na sindano na mwili wake haujasumbuka. Ukienda tarehe yako, kabla hujakaa kudungwa, omba upimwe uzito na uandikwe kwa kadi, kila mara. Kama kuna katoni juu ya mizani, itoe.